Kiwanja cha Magogo cha Pundanhar

Pundanhar haina geti, haina kibanda cha kulipia, wala jiwe lililopakwa namba kukuonyesha gari lako lilale wapi. Ni makao ya posto ya utawala katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, kwenye barabara ya mchanga inayotoka Nangade kuelekea baharini. Kaskazini yake ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Tanzania, kwetu Mtwara. Nimeendesha magari makubwa ya wageni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nimeyalaza katika hifadhi zenye ramani na vibao vya kila namna, lakini nikiulizwa nilijifunzia wapi kuchagua mahali pa kulaza gari kubwa, nataja Pundanhar.

Safari yenyewe ilikuwa Oktoba 2013. Niliajiriwa na wastaafu wawili wa Kijerumani, mtu na mkewe, niwaendeshee kutoka Dar es Salaam hadi Pemba ya Msumbiji. Gari lao lilikuwa lori la zamani la jeshi lililojengewa nyumba mgongoni: vitanda, jiko, choo, friji ya gesi, matangi ya maji, paneli za sola juu ya paa. Likijaa maji na dizeli lilifika tani 14. Kutoka ardhini hadi juu ya paa lilikuwa mita 3.7, na kutoka pua hadi mkia mita 9. Mwenye hema hutafuta kipande tambarare na kivuli. Mwenye tani 14 hutafuta ardhi itakayombeba usiku na kumwachia asubuhi.

Jambo hilo nilianza kuliona hifadhini. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania lililoanzishwa mwaka 1959, lina kambi za umma, zenye vyoo na banda la kupikia, ambako makundi hulala pamoja, na lina kambi maalumu, ambazo ni ardhi tupu inayokodishwa kundi moja. Getini gari hulipiwa kwa uzito, na lenye namba za nje hulipa zaidi. Kwa hiyo mlangoni wanajua vizuri una tani ngapi. Ukishapita geti, uzito huo hautajwi tena. Katika miaka yote niliyolala Mikumi, Ruaha na Seronera sikukuta kibao kinachoniambia kwamba upande huu ni mchanga na ule ni mfinyanzi, au kwamba matawi ya mgunga fulani yanaanza mita tatu kutoka chini. Dereva anaachiwa macho yake, tena jioni, abiria wakiwa wamechoka na kila mmoja akinyoosha kidole penye mandhari.

Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ndiyo iliyonifundisha kuogopa nyasi nzuri. Iko kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi, mahali pa ukungu na baridi. Malori ya watalii hayashuki ndani ya kreta. Hubaki juu na abiria wakateremka kwa Land Cruiser. Yanapobaki, yanabaki kwenye majani mafupi ya kijani yanayoficha udongo uliolowa. Nimeshuhudia masika malori yakichimba mifereji hapo, taniboi wakiwa magotini kwenye tope wakisukuma mbao chini ya matairi, na dereva wa gari la jirani akiombwa winchi saa kumi na mbili asubuhi. Tembo naye huja kambini usiku kunywa maji kwenye tangi. Tembo dume ana tani tano au sita. Asubuhi ukilinganisha unyayo wake mpana na mfereji wa tairi, unyayo hauonekani sana. Nilianza kujiuliza kwa nini mnyama mzito hivyo anapita bila kujeruhi ardhi, na sisi tunaacha makovu ambayo mvua ya mwaka unaofuata inayageuza makorongo.

Kuvuka Ruvuma na gari zito kulikuwa taabu ya miaka mingi. Pantoni ya Kilambo, karibu na mdomo wa mto, ilitegemea maji kujaa. Ukikosa maji unakaa kando ukihesabu mwezi. Daraja la Umoja, lenye mita 720, lilifunguliwa Mei 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, na tangu hapo sisi wenye magari mazito tukawa tunazungukia huko: Masasi, Mangaka, daraja, kisha barabara mbovu hadi Mueda. Matangi tuliyajaza Masasi. Mueda iko juu ya uwanda wa Wamakonde, zaidi ya mita 800, na maji yake ni ya shida tangu enzi za wazee. Mgeni mwenye tangi la mamia ya lita hana haki ya kupanga foleni na akina mama wenye ndoo. Kutoka Mueda tukateremka Nangade, tukashika njia ya Palma.

Udongo wa huko naujua kwa sababu ndio wa nyumbani, mchanga mwekundu ambao wanajiolojia wameupa jina la Mikindani. Ukishuka mabondeni unakutana na mfinyanzi mweusi. Dereva asiyetofautisha aina hizi mbili ataumia, kwa sababu mvua kidogo huukaza mchanga na huuharibu mfinyanzi. Katikati ya mashamba kuna vichaka vizito, mabaki ya msitu mkavu wa pwani. Wataalamu wa mimea, wakiwemo wa bustani ya Kew ya London, waliingia katika misitu hii ya Cabo Delgado mwaka 2008 na 2009, na baadhi ya mimea waliyoikuta haikuwa na jina katika vitabu vya sayansi. Ardhi ya namna hiyo, ambayo haijulikani vizuri na haijazungushiwa uzio, ndiyo tuliyokuwa tunaingia nayo tani 14.

Tulifika Pundanhar saa tisa na nusu alasiri. Nilipenda kufika mapema, maana mahali pabaya unapopaona saa tisa bado una muda wa kuondoka. Unapopaona saa moja usiku umeshapakubali. Mama mwenye gari aliona mikorosho pembeni mwa kijiji, mikubwa, kivuli chake kimeenea, chini pamefagiliwa safi. Akasema hapo hapo. Nikamwomba asubiri. Nikazima injini barabarani na kwenda kwa miguu kutafuta wenyeji.

Nilimkuta mzee mmoja kwenye baraza na wenzake. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande ule wa mto, kwa hiyo tulianza kwa Kimakonde, kisha tukahamia Kiswahili ili wote wasikie.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Mmetokea Mueda?"

"Ndiyo, mjomba. Tunaomba mahali pa kulala. Wageni wangu wamepapenda pale penye mikorosho."

Hakujibu upesi. Aliinuka, akaja hadi barabarani, akalizunguka lori akitazama matairi. Akauliza lina uzito gani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa.

"Mikorosho ile ina mwenyewe, na amefagia chini kwa sababu korosho zinaanguka. Alfajiri watoto wataingia kuokota. Na mizizi yake iko juu juu, mpwa. Mkikaa pale na mzigo huu, nyinyi kesho mtakuwa Palma na yeye mwakani ataona matawi yanakauka."

Nilishangaa jinsi alivyoifikisha hoja yake kwenye mizizi. Tawi ningeliona mwenyewe: matawi ya mkorosho huinama, na paa la mita 3.7 lingeyavunja au yangevunja paneli. Habari ya mizizi sikuwa nimewahi kuisikia kwa mhifadhi yeyote.

Bwana mwenye gari akapendekeza tuteremke kuelekea bondeni, kwenye uwazi ambao ungempa machweo juu ya Ruvuma. Tulikwenda kuutazama na mzee, mimi nikiwa na mtaimbo begani. Nilipouchoma, ulizama bila kusukumwa. Palikuwa na njia ya tembo, mavi bado mabichi. Mzee akaongeza sababu yake, kwa sauti ile ile tulivu: huko hatupeleki mbuzi.

Kwa mtu wa ukanda ule sentensi hiyo inatosha. Vita vya ukombozi vilianza Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, na jeshi la Wareno lilitega mabomu ardhini kando ya mpaka huu kuwazuia wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakivuka kutoka Tanzania. Msumbiji ilikuja kutangazwa kuwa haina tena maeneo yenye mabomu hayo Septemba 2015. Sisi tulikuwa pale 2013. Kazi ya kusafisha ilikuwa imefanyika kwa miaka mingi na kwa ushujaa mkubwa, lakini mahali ambapo wenyeji hawapiti kwa miguu, mgeni na lori lake hana sababu ya kupita.

Ndipo mzee akatupeleka kwenye kiwanja cha magogo.

Palikuwa pabaya, nasema wazi. Uwazi mkubwa kando ya barabara, magome yaliyooza pembezoni, vipande vya mkongo na mninga vilivyokataliwa kwa sababu ya ufa, minyororo yenye kutu. Kampuni iliyokuwa ikipakia hapo ilikuwa imehama. Mama alikunja uso, akanitazama kama anayeuliza nimemfanyia nini. Nikauchoma mtaimbo. Ukagonga na kurudi. Nikauchoma upande wa pili, nako hivyo hivyo. Malori ya magogo yenye mzigo mzito kuliko wetu mara mbili yalikuwa yameukandamiza udongo ule kwa misimu mingi hadi ukawa sakafu. Pa kugeuzia palikuwepo, tena bila kupiga rivasi. Juu hapakuwa na tawi hata moja, kwa hiyo paneli zingepata jua tangu asubuhi. Nyasi hazikuwepo, na Oktoba katika nchi ya miombo hilo ni jambo la uhai, kwa sababu mashamba yanachomwa na moto hutembea. Ekzosi ya moto yenyewe ikigusa nyasi kavu inatosha kuanzisha balaa. Habari ya mabomu ilikuwa imemalizwa na matairi ya waliotangulia. Kisima kilikuwa mbali vya kutosha.

Kila nilichokuwa nakitafuta kilikuwepo pale, isipokuwa uzuri. Uzuri tuliufuata kwa miguu. Kesho yake mjukuu wa mzee alituongoza kwenye kichaka ambacho lori lisingekisogelea, tukapita chini ya miti iliyoshikana hadi mchana ukafifia, tukarudi jioni na kulala mahali pakavu na sawasawa. Wageni wangu waliomba tukae zaidi ya tulivyopanga. Mama yule aliyekunja uso alikuwa wa mwisho kukubali kuondoka.

Lakini kiwanja kile kilinisumbua moyo na bado kinanisumbua. Mwaka huo huo wa 2013 shirika la Environmental Investigation Agency la London lilitoa ripoti juu ya magogo yanayotoroshwa kutoka Msumbiji kwenda China, na mtu yeyote aliyepita barabara za Cabo Delgado miaka ile alipishana nayo. Mahali palipotufaa sisi palitengenezwa na hasara ya msitu. Nimelifikiria hilo sana na msimamo wangu ni huu: jeraha lililokwisha kuwepo lisiongezewe la pili. Gari zito lilale pale ambapo ardhi tayari imelipa gharama, na panapobaki pazima paachwe pazima.

Miaka iliyofuata nilisoma habari za E. P. Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea katika idara ya misitu ya Marekani, nikamkumbuka mzee wa Pundanhar papo hapo. Meinecke aliitwa kuchunguza kwa nini miti mikubwa ya California ilikuwa ikidhoofika kwenye sehemu zinazopendwa na watalii. Aligundua kwamba watu na magari yao walikuwa wakiukandamiza udongo hadi mizizi ikakosa hewa na maji. Mwaka 1932 akaandika mapendekezo yake: barabara ya kambi iwe ya kuzunguka upande mmoja, kila gari lipewe tawi lake dogo la kuegesha, na mawe au magogo yawekwe pembeni ili lisiweze kutoka hapo. Kuanzia 1933 hadi 1942 vijana wa Civilian Conservation Corps, waliopewa kazi wakati wa mdororo wa uchumi, walijenga kambi nyingi katika hifadhi za majimbo na za taifa, na ramani hiyo ikaenea. Magari ya wakati ule yalikuwa madogo. Leo gari la nyumba la Kimarekani laweza kufika futi 45, karibu mita 14, na likiingia kwenye kambi iliyochorwa miaka ya thelathini halikati kona. Ndiyo sababu kule kila nafasi huandikwa urefu inaoruhusu, na mwenye gari kubwa husoma namba hiyo kabla ya kusoma jambo jingine lolote.

Meinecke alikuwa na maabara. Mzee alikuwa na mikorosho ya jirani yake. Wote wawili walianza na mzizi, na hakuna aliyeanza na starehe ya mgeni. Kwangu mimi huo ndio utaratibu sahihi, na naufuata hadi leo nikiingia kambi yoyote, iwe na namba au isiwe nayo. Nazima gari mbali. Natembea. Nachoma mtaimbo pale matairi yatakapokaa na pia njia yote ya kutokea, kwa sababu gari hukwama asubuhi wakati wa kuondoka, likiwa limelala na umande umeshuka. Natazama juu kabla ya kutazama mbele. Pua naielekeza kwenye njia ya kutokea, hata kama dirisha la kitanda litatazama choo cha kambi. Wageni wakilalamika nawaeleza kwamba usiku wa moto, wa tembo mwenye hasira au wa mgonjwa, hakuna atakayetazama mandhari.

Usawa nao si anasa. Friji ya gesi ya aina ile ikiinama sana haipoi, na dawa zinazohitaji baridi zinaharibika. Mzee wangu wa Kijerumani alikuwa na insulini ndani yake. Kwa hiyo pima maji ya fundi seremala hukaa kwenye dashibodi yangu, na mbao nne chini ya kiti. Kwenye mchanga napunguza upepo wa matairi ya nyuma kabla sijazama, na kompresa inajaza tena nikifika barabara ngumu. Kivuli na sola ni ugomvi usioisha. Mimi huchagua jua kwa gari na kivuli kwa kiti, yaani gari likae wazi na watu wabebe viti vyao hadi chini ya mti, ambao hautajali uzito wa kiti.

Maji machafu ndiyo madereva wengi hawataki kuyazungumzia. Hifadhini kuna vyoo, unamwaga humo. Kijijini mzee alinionyesha upande wa mteremko usioelekea kisimani, tukachimba shimo la kina, tukafukia siku ya kuondoka. Hakusubiri nimuulize. Alijua gari lenye choo lina kitu cha kumwaga, na alijua wageni wengine waliomwaga kimya kimya usiku.

Tulipotaka kulipa, alisema hakuna bei. Tulitoa fedha mbele ya wazee kwa ajili ya pampu ya kisima, naye akataka kila mmoja azione zikihesabiwa. Ardhi ya Msumbiji ni ya dola, lakini sheria ya ardhi ya mwaka 1997 inatambua haki ya jamii iliyokaa mahali kwa desturi hata kama haina karatasi. Pale panapoonekana patupu kwa mtu aliye juu kwenye usukani pana wenyewe, na wenyewe wanajua mbuzi wanakwenda wapi.

Watu wale hawakuachwa watulie. Oktoba 2017 vita vilianzia Mocímboa da Praia, Machi 2021 Palma ikashambuliwa, na barabara ya Nangade hadi Palma, ile ile tuliyopita tukitafuta kivuli, ikawa njia ya wanaokimbia na ya wanaovizia. Pundanhar nayo ilishambuliwa na watu wake wakatawanyika. Katika mkoa mzima zaidi ya watu laki saba walikuwa wamehama makwao kufikia 2021. Majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC yaliingia mwaka huo huo. Madereva vijana hunipigia simu kuniuliza kama wanaweza kupeleka wageni huko kwa lori. Nawaambia hapana, na nawaambia waache kuuliza hadi wenyeji wawe wamelala kwao misimu kadhaa bila kukimbia. Mgeni asiwe wa kwanza kurudi mahali ambapo mwenyewe bado anaogopa kulima.

Siku hiyo itafika, na nina pendekezo nimeliandaa kwa ajili yake. Kando ya barabara ile kuna viwanja vya magogo vilivyobaki vimekandamizwa, havioti kitu. Vigeuzwe kambi za magari mazito, chini ya kamati za vijiji vyenyewe, ili hakuna lori litakalohitaji kuingia kichakani. Kanuni za mwaka 2002 za sheria ya misitu na wanyamapori ya Msumbiji zilitaka asilimia 20 ya tozo zirudi kwa jamii. Kwenye kambi kama hizi sehemu ya kijiji ingefaa kuwa kubwa zaidi ya hiyo, kwa sababu kijiji ndicho kinachotoa ujuzi. Na kila kambi iwe na kibao, kule na huku kwetu Mikumi na Seronera pia, chenye mambo ambayo dereva wa tani 14 anayahitaji: udongo wa aina gani na miezi gani haubebi, tawi la chini kabisa liko mita ngapi, gari la urefu gani linageuka bila rivasi, njia ya wanyama iko upande upi, na kisima kiko wapi, ili asimwage chochote upande huo.